Wimbo Uliomwita Kisemei

Machi 4
Mvua bado. Joto la mtaa wetu wa Manundu leo lingeweza kuivisha yai juu ya bati, na mimi nimejifunika blanketi zito kichwani nikirekodi sauti, maana hiyo ndiyo studio ya chumbani kwangu. Nimefungua daftari jipya. La zamani limejaa nyimbo ambazo hakuna aliyezisikiliza.

Tuandike ukweli basi, hakuna anayesoma. Mimi Siamanta, binti wa Kimaasai wa upande wa Sindeni, mpangaji wa mama mmoja, Rukaya, hapa Korogwe, mwaka wa saba huu. Natunga, naimba, napiga gitaa, napiga video zangu mwenyewe kwa simu niliyoifunga kwenye mpini wa ufagio, nashona shanga ninazovaa kwenye hizo video, na njaa ikibisha hodi nachora mabango ya saluni. Rukaya anasema mshika mbili moja humponyoka, "na wewe mwenzetu umeshika sita." Nimetoa nyimbo tisa. Wasikilizaji wangu nawajua kwa majina yao na ya mama zao.

Wimbo wa kumi ukibuma, narudi nyumbani kukamua ng'ombe. Nimeshasema.

Machi 7
Hakuna kilichotoka. Nimechora uso wa mwanamke kwenye ukuta wa saluni. Mwenye saluni analalamika pua ni kubwa. Pua ni yake, mimi nifanyeje?

Machi 9
Kila nikishika gitaa linakuja jina moja tu. Kisemei.

Kaka yangu, mkubwa wangu kwa miaka minne. Ndiye aliyeuza dume lake mwenyewe ili mimi nipate gitaa, wazee wakamcheka boma zima. Mwaka jana Agosti alikuwa anavusha ng'ombe barabara kuu pale Kabuku, lori likamkuta. Ng'ombe wote walivuka salama.

Kwetu mtu akishazikwa, watu wa nyumba yake hawalitamki tena jina lake. Basi. Kuna mtoto wa jirani aliyekuwa anaitwa jina hilohilo. Kabla matanga hayajapoa wakambadilishia, sasa ni Yordani, na anaitika vizuri tu. Mama yangu, Yeyo, tangu siku ile hajalitaja hata mara moja. Akitaka kumsema anasema "yule," anaangalia chini.

Nilikubali kwa mdomo. Lakini moyoni niliona wanamuua mara ya pili. Leo chini ya blanketi nimelitamka kwa sauti ndogo kama mwizi, halafu nikaliimba, na jioni wimbo ukawa umekamilika. Haijawahi kunitokea. Nyimbo zangu nyingine nazivuta wiki nzima kama ndama asiyetaka kuzaliwa.

*Kisemei ee, ng'ombe wameshakunywa,
Kisemei ee, mbona wewe hujarudi?*

Nimelia mpaka blanketi limelowa.

Machi 12
Kwa Sabiri. Ana studio nyuma ya duka lake la fotokopi, tunarekodi mashine zikinyamaza. Baada ya kurudia mara tatu akavua vifaa vya masikioni, akanitazama.

"Siamanta, huyu Kisemei ni mtu kweli?"

"Kaka yangu. Marehemu."

"Na hili jina litakaa hivihivi? Maana ninyi Wamaasai mna mambo yenu."

Namshukuru aliuliza. Naandika hapa ili nisije nikamsingizia mtu: aliuliza.

"Litakaa," nikasema. "Nyumbani hata intaneti hawana."

Machi 15
Video imekamilika. Nimepiga kando ya Mto Pangani, nimevaa shanga nyeupe na za bluu nilizoshona mwezi mzima. Sabiri ameiweka mtandaoni saa nne asubuhi.

Machi 16
Watu arobaini. Ah.

Machi 18
Elfu sita! Sabiri kapiga simu anapiga kelele mpaka sielewi anasema nini.

Machi 21
Nimepita stendi leo. Kijiwe kizima cha bodaboda kinauimba, wengine wanagonga tangi la pikipiki kama ngoma. Mama wa vitumbua anauimba. Kondakta kaning'inia mlangoni anauimba, na hana habari kwamba mwenye wimbo nimesimama chini yake na mfuko wa nyanya. Nimekwenda nyuma ya kibanda cha soda nimelia kwa furaha. Miaka saba, jamani! Na mji mzima unamwita kaka yangu. Hajafa. Nani kasema amekufa?

Rukaya kaniletea futari chumbani, uji wa pilipili manga na viazi. "Siku hizi tunakaa na staa," anasema. "Itabidi tukusalimie kwa miadi."

Machi 24
Baba mdogo Keriako amepiga simu saa tisa alasiri. Baba mdogo hapigi simu, anapigiwa. Nikamwamkia, hakuitika salamu.

Jana ilikuwa siku ya mnada. Yeyo alikwenda kuuza maziwa kama kawaida yake, kakaa pale wanapokaa akina mama. Yule mwenye spika, anayewawekea watu nyimbo kwenye memori kadi, akafungulia wimbo. Mnada mzima ukaitikia. Yeyo alisimama. Baba mdogo anasema alidhani mama anataka kucheza. Kumbe alikuwa anageuka huku na huku anatafuta nani anamwita mwanawe. Kisha akaitambua sauti yangu. Kibuyu cha maziwa alikiacha palepale, akaondoka kwa miguu mpaka nyumbani, bila shuka lake.

"Baba mdogo, sikujua kama utafika huko."

"Maneno yana miguu, hukufundishwa?" Akashusha sauti. "Siamanta, umemwita mtu ambaye hawezi kuitika. Mama yake ndiye anaitika kwa niaba yake, kila mara. Unajua ni mara ngapi huo wimbo unamwita?"

Ninajua. Mara kumi na nane. Mimi ndiye niliyeutunga.

Machi 25
Nimekwenda nyumbani. Nikainamisha kichwa mbele ya Yeyo aniguse utosini, kama mtoto anavyomsalimu mzazi wake. Niliinama mpaka shingo ikauma. Nilipoinua macho alikuwa ameshaingia ndani.

Nilikaa mlangoni kwake kutwa. Nikaomba msamaha kwa Kimaa, kwa Kiswahili, nikaomba mpaka nikaishiwa maneno, na kazi yangu ni maneno. Hakunijibu hata kwa hasira. Nikamwuliza baba mdogo hakuna kondoo wa kuchinja, mambo yasafishwe?

"Tukichinja leo," akasema, "kesho spika inalia tena. Utachinja kondoo wangapi, mwanangu?"

Kuanzia leo silitaji jina lake, wala humu siliandiki. Nimelikuta kwenye kurasa za juu, nimeshindwa kulifuta. Mungu anisamehe na hilo.

Machi 28
Nimerudi Korogwe nikamwambia Sabiri autoe wimbo mtandaoni. Alicheka. Kisha akaona sicheki.

"Miaka saba unanililia hakuna anayekusikia. Wamekusikia, sasa unawaziba masikio?"

"Mama yangu hasemi na mimi, Sabiri."

"Atasema. Wazazi wananuna wanarudi."

"Wewe humjui."

Aliutoa. Alibonyeza hapohapo mbele yangu, akaenda kuendelea na fotokopi zake bila kuniaga. Sina kinyongo naye. Huu wimbo na yeye aliutolea jasho.

Nilitoka nje nikiwa mwepesi. Nilifika mpaka kwenye kona ya duka la vipodozi. Ndani walikuwa wanaupiga.

Aprili 2
Mvua imeanza, kubwa. Barabara ya kwetu imekuwa tope tupu.

Aprili 3
Mvua. Nimezunguka kwa wote wanaoweka nyimbo kwenye simu pale sokoni na stendi. Wako watano. Nimewaomba waufute, mmoja mmoja, kwa adabu. Wakasema sawa dada. Nikageuka, nikasikia wanacheka: "Anatafuta kiki huyo! Ujanja wa mjini, anataka wimbo uadimike."

Aprili 5
Ni kweli, wanaamini natafuta kiki. Mtu kaandika mtandaoni kwamba msanii anaufuta wimbo wake mwenyewe, sasa hata asiyeutaka anautafuta. Kila ninaposema uacheni, wanaurusha kwa wenzao kumi. Wapumbavu! Mimi ndiye mpumbavu wa kwanza, wao wamenifuata.

Aprili 9
Redio moja ya Tanga imenipigia. Wanataka mahojiano na niimbe jukwaani kwao mwezi ujao. Mtangazaji ana sauti ya asali. Nimekuwa nikiiota simu hii tangu nina miaka kumi na tisa, hata nguo ya siku hiyo niliishona zamani.

Nikamwuliza, naweza kuimba mwingine?

"Dada yangu, watu wanamtaka Ki—"

Nikakata kabla hajamaliza. Halafu nimekaa chini sakafuni nikaing'ata kanga nisipige kelele, Rukaya asije akaingia.

Aprili 14
Baba mdogo kapiga. Watoto wa shule wameudaka wimbo. Wanauimba wakati wa kuteka maji pale kwenye bomba la shuleni, na bomba la maji safi kwa upande wetu ni hilo moja. Yeyo haendi tena. Anateka korongoni, maji ya mvua yaliyopita kwenye mavi ya ng'ombe. Akipewa maji ya bombani na jirani anayamwaga.

"Anasema yameimbiwa," akasema baba mdogo.

Aprili 19
Yeyo anaumwa tumbo la kuendesha, siku ya pili. Naondoka sasa hivi.

Aprili 21
Nitaandika yote, hata kama mkono haukubali.

Juzi nilimkuta amekauka midomo, macho yameingia ndani. Hakuwa na nguvu ya kunikataa. Tukampakia kwenye bodaboda kati yangu na dereva, mimi nyuma nimemshika, tope mpaka magotini, mara mbili tulishuka nikambeba mgongoni. Nilishtuka alivyo mwepesi. Mama aliyenibeba mimi na kuni kwa pamoja!

Zahanati wakamtundikia dripu. Nesi mmoja mpole sana, Shadya, akasema tumewahi, chupa mbili au tatu ataamka. Nikakaa kwenye benchi kando ya kitanda. Chupa ya kwanza ilipofika nusu Yeyo alifumbua macho, akaniangalia, hakugeuza uso. Nikashika kidole chake kimoja. Aliniachia.

Kitanda cha jirani simu ya mtu ikaita. Sauti yangu, safi kabisa, ikatoka mle mfukoni mwa koti la mzee wa watu, inaita jina la kaka yangu. Mzee usingizini. Inaita. Niliruka nikawa napapasa mfuko wake, watu wakapiga kelele mwizi, mwizi, mimi nalia "izimeni, izimeni," na simu inaimba tu.

Nilipogeuka Yeyo ameshachomoa sindano. Damu inatiririka mkononi. Kashuka kitandani miguu mitupu, anakwenda mlangoni, na mvua nje kama imetumwa. Nesi Shadya akamkimbilia akamshika kiuno. "Mama, utakufa jamani! Mama, rudi!" Yeyo hakupigana naye. Alisimama tu mlangoni, ananyeshewa, akasema kwa Kimaa neno, Shadya akaniuliza mimi maana yake. Sikumwambia. Yeyo alikuwa amesema: *Nakuja.*

Wakamrudisha. Chupa nyingine zimeingia, wamezima simu zote za wodini. Daktari anasema atapona tumbo. Asirudie yale maji.

Sijui kama nina haki ya kuendelea kuimba kitu chochote duniani.

Aprili 23
Nimehamia nyumbani. Gitaa nimemwachia Rukaya. Kalipokea kwa mikono miwili, hakunitania hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

Aprili 24
Nachemsha maji, naweka kwenye dumu mlangoni pa Yeyo. Anayamwaga. Nachemsha mengine.

Aprili 26
Nimekwenda bombani kuwakabili watoto. Wako kama thelathini, ndoo zimepangwa foleni, na wanauimba vizuri kuliko mimi. Kiongozi wao ni kasichana kadogo kanaitwa Hiza, kana sauti ya kutoboa bati. Nikawaambia kwa ukali, huu wimbo mwisho leo! Wakanyamaza, wakatazamana. Nilipofika kwenye mwembe wa mwalimu mkuu nikausikia tena, kwa sauti ya juu zaidi, na kicheko juu.

Hata mimi nikiwa mtoto ningefanya hivyohivyo.

Aprili 28
Nimefikiri siku mbili. Wimbo haufi kwa kukatazwa. Wimbo unakufa ukipata mwingine mtamu zaidi, na hapo ndipo mahali pekee ninapojua kufanya kazi.

Nimekwenda bombani bila ukali. Nikawaambia mnaukosea, hivyo ni vya zamani, mjini sasa unaimbwa hivi: pale penye jina mnafunga mdomo, mnapiga makofi manne ya haraka, atakayesahau akatamka, ametoka, anarudi nyuma ya foleni ya maji.

Hiza alitoka mara tatu. Alikasirika, akarudi, akasema, "Tena!"

Aprili 30
Mvua. Nilikwenda. Walikuwepo kumi na wawili wamejifunika magunia.

Mei 3
Nimerekodi makofi ya watoto kwa simu, nikamtumia Sabiri. Nimemwambia aupange upya, jina litoke lote, makofi yaingie, awape bure wale watano wa memori kadi. Na jina langu asiweke. Kajibu: "Ni mzuri kuliko wa kwanza, mshenzi wewe."

Mei 4
Yeyo amemwaga maji.

Mei 8
Yeyo hakumwaga. Sijui kama aliyanywa. Nimejificha nyuma ya zizi nalichungulia dumu moja la maji, angalia nilipofika.

Mei 12
Wavulana wakubwa nao wameingia kwenye mchezo. Aliyetamka jina leo alizomewa na foleni nzima. Sabiri anasema Korogwe bodaboda hawapigi makofi, wanabonyeza honi mara nne. Stendi haikaliki.

Mei 15
Nimepita mnadani makusudi. Spika imelia. Makofi manne. Nikamwuliza binti anayeuza mihogo, huu wimbo unamwimba nani? "Haumwimbi mtu, ni mchezo tu," akasema.

Nilitakiwa nifurahi. Nimerudi nyumbani nikiwa nimechoka kama mtu aliyechimba kaburi peke yake.

Mei 19
Mvua inapungua. Nimemwambia baba mdogo amfikishie Yeyo ujumbe: bombani hakuna jina tena. Hata kwa bahati mbaya. Baba mdogo akauliza: "Umeweza kweli?" Nikasema nimeweza. Akatikisa kichwa, sikujua kwa kusifu au kwa nini.

Mei 22
Hakuja.

Mei 24
Amekuja.

Nilikuwa nimeinama kwenye bomba nikijaza ndoo ya Hiza. Nikaona watoto wanapisha njia, "shikamoo bibi, shikamoo bibi," nikainua macho, Yeyo kasimama na ndoo yake, amekonda, shuka limemzidi. Aliwaitikia watoto, kila mmoja kamgusa utosini. Mimi sikuthubutu hata kusogea.

Hiza hana habari na ya wakubwa. Akaanzisha. Wakaimba wote, wakafika pale. Makofi manne.

Yeyo alikuwa ameinamisha kichwa pembeni, anasikiliza. Wimbo ukazunguka, wakafika tena pale. Makofi manne. Akasubiri na mzunguko wa tatu. Nikahesabu naye moyoni. Wakapiga makofi, wakacheka, mmoja akasukumwa akaanguka kwenye tope.

"Hawalijui?" akasema Yeyo. Anasema na mimi, baada ya miezi miwili.

"Hawalijui tena, Yeyo. Nimeliondoa."

"Hata huyu mdogo?"

"Hata huyo."

"Na kule mnadani?"

"Kote, Yeyo. Hakuna anayemwita tena. Nimehakikisha."

Nilidhani atanigusa. Nilishaanza kuinama. Lakini akakaa palepale kwenye zege la bomba, kitenge kwenye maji, akaanza kulia kwa sauti kubwa, kilio ambacho hata siku ya mazishi hakulia. Watoto wakakimbia. Nikapiga magoti mbele yake.

"Miezi miwili tu," akasema. "Wamemsahau miezi miwili tu?"

"Yeyo, wewe mwenyewe ulikuwa unaumia—"

"Nilikuwa naumia. Ndiyo. Mimi siruhusiwi kumwita, mimi ni mama yake, nilifunga mdomo, nikabeba. Nikawa nachukia kila anayemwita. Lakini nikienda korongoni nilikuwa nausikia kwa mbali, nasema moyoni, basi wageni bado wanamtafuta." Akanishika mikono yote miwili, kwa nguvu kuliko nilivyodhani anazo. "Sasa nani anamtafuta, Siamanta?"

Mimi ndiye mwenye maneno katika nyumba hii. Nilifungua mdomo nilitamke jina lake, angalau mara moja, kwake yeye peke yake, hakuna aliyekuwa anatusikia. Sikuweza. Mdomo umeshazoea.

Ndoo ya Hiza ilikuwa imejaa zamani.

"Funga bomba," akasema Yeyo, "maji yanamwagika."

Nikafunga.